Kufunga safari kutafuta utulivu wa moyo: je, ni ibada?

Swali: Assalaamu alaykum shekhe. Mimi ni kijana, mzaliwa wa mjini. Kila tukipata likizo, mimi na wenzangu hufunga safari: mwenye uwezo huenda Umra, wengine tunazuru makaburi ya watu wema au tunakaa itikafu (kubaki msikitini kwa ibada) katika msikiti wa mbali. Huko moyo hutulia. Baba anasema tunakimbia nyumba na kuita ibada. Je, tuna thawabu?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Mwanangu, kiu uliyonayo si ugonjwa. Mjini mtu huweza kuswali sala tano na asipate hata moja aliyoihudhuria kwa moyo, na anayelihisi pengo hilo bado yuko hai.

Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, alimwendea mwanachuoni akiuliza kama toba yake itakubaliwa. Akajibiwa kwamba itakubaliwa, kisha akaamrishwa ahame mji wake aende kwenye ardhi fulani, kwa kuwa huko kuna watu wanaomwabudu Mwenyezi Mungu, aabudu pamoja nao. Akafia njiani, na akakutwa yuko karibu zaidi na ardhi ya wema kwa shibiri moja, akasamehewa. Sikiliza sababu aliyopewa: watu. Nadhani hicho ndicho mnachokikosa. Mnaoshinda kazini na watu wasiomtaja Mola, mkifika mahali ambapo wote wanaamka usiku kuswali, mnadhani ni mahali palipowatuliza.

Ama hukumu: Mtume (s.a.w.) amesema haifungwi safari isipokuwa kwa misikiti mitatu: Msikiti Mtukufu wa Makka, Msikiti wake wa Madina na Msikiti wa Al-Aqsa. Kwa hiyo kuuendea msikiti mwingine wa mbali kwa kudhani sala yake ina fadhila ya pekee, hilo liacheni. Mkiufuata kwa ajili ya darsa au mwalimu, ni safari ya elimu, na Nabii Musa (a.s.) aliisafiri kumtafuta Khidhri, mja mwema aliyepewa elimu, ajifunze kwake. Kuhusu kusafiri kwa ajili ya makaburi wanavyuoni wamekhitalifiana: Ibn Taymiyya ameikataza, Ghazali na Nawawi wameiruhusu. Kaburi lililo karibu halina khilafu hiyo, nalo linakumbusha Akhera vilevile.

Baba yako asidharauliwe. Ghazali mwenyewe mwaka 488 Hijria (1095) aliacha kufundisha katika chuo cha Nizamiyya cha Baghdad akaenda Sham (eneo la Syria) kuitafuta nafsi yake, lakini kabla ya kuondoka aliwawekea watoto wake riziki ya kuwatosha, na baadaye wito wao ulimrudisha nyumbani. Je, wewe unamwachia nini baba yako unapoondoka? Kama anakuhitaji, kumhudumia kunatangulia Umra ya sunna. Na kama nauli ni ya mkopo, bakini. Hata Hija yenyewe ni wajibu kwa mwenye uwezo tu.

Kama hayo yametimia, nendeni, na mkiwa safarini ombeni sana, kwani dua ya msafiri haikataliwi. Mkirudi, msitawanyike mpaka likizo ijayo. Kaeni pamoja kila wiki baada ya Isha, msome na kudhukuru, na umwalike baba yako pia.

Wallahu a'lam.