Jibu: Nyanya kuoza kitako bustanini Tabora

Ndugu, umeuliza kwa nini nyanya zako za nyuma ya nyumba, hapo Tabora mjini, zinapata baka jeusi lililobonyea upande wa chini ilhali majani ni mazima, na kama upulizie dawa ya ukungu. Nakusihi usinunue dawa, kwa sababu huo si ugonjwa wa kuambukiza: tunda limekosa kalsiamu ya kutosha wakati linakua, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila maji ya kuifikisha kwenye tunda huja kwa kubahatisha. Udongo wa kichanga, ambao ni mwingi huku kwetu, hukauka upesi katika joto la Septemba na Oktoba. Ukimwagilia sana leo kisha ukaacha siku kadhaa, mmea hushindwa kulisha matunda yake hata kama unaonekana una afya.

Mwagilia kwa kiasi kilekile kila asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani, kisha tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga kuzunguka miche, jambo ambalo mimi naliona lina faida kuliko mbolea yoyote ya dukani. Punguza pia mbolea ya urea, maana majani yakistawi kupita kiasi huyanyang'anya matunda kalsiamu. Matunda yaliyokwisha kuharibika yachume, hayatapona.

Mvua za Novemba zitakapoanza, jihadhari na bakajani tangulia, ugonjwa wa madoa kwenye majani ambao kweli ni ukungu: funga miche kwenye vijiti na uondoe majani yanayogusa udongo.