Coaster ya kulala ikiyumba, anza na mizani kabla ya shokapu

Mkuu, umeuliza kwa nini Coaster, basi dogo la Toyota, uliyoigeuza nyumba inayumba basi likikupita, na kama shokapu mpya zitaiponya. Mimi nilianza na hizo hizo shokapu. Nikafunga nne mpya, fundi akanibadilishia na bushi za springi. Wiki iliyofuata natoka Dar kwenda Mbeya, tumeshavuka Mikumi, basi likanipita. Gari ikasukumwa pembeni, halafu ikavutwa kuelekea ubavuni mwa basi. Mke wangu kashika dashibodi kwa mikono miwili, haongei. Na hela ndiyo imeshakwenda!

Jibu nililipata Makambako, kwa jamaa mwenye ghala la mahindi na mizani ya magari. Nikapandisha matairi ya mbele peke yake, kisha gari zima. Ukitoa, unapata uzito wa nyuma. Nyuma ilikuwa imezidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha gari, mbele nyepesi. Kumbe ule ulaini wa stelingi niliokuwa najisifia ni matairi ya mbele yanayogusa lami kwa adabu tu.

Mchawi alikuwa tenki la maji. Lita 200 ni kilo 200, nami nililifunga mkiani, kama mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa matairi. Coaster ndefu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 4. Ni bembea hiyo: kilo 200 za mkiani zinainyanyulia mbele kilo 100, na ekseli ya nyuma inabeba 300. Nikalihamishia katikati, sakafuni chini ya kitanda, na kulitia vigawanyo ndani, maana maji yakiwa nusu tenki hukimbilia upande mmoja kwenye kona na kuisukuma gari wakati mbaya kabisa. Jenereta na tairi la akiba nikavishusha kutoka kwenye karia. Juu imebaki sola.

Matairi nayo usiyasahau. Yangu yalikuwa na meno mazuri lakini ubavuni yana nyufa. Angalia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Upepo pima asubuhi kabla ya kutembea, na usiupunguze tairi likiwa la moto. Nyuma ikibeba zaidi, upepo wake si lazima ulingane na wa mbele.

Basi likikupita, shika usukani kwa mikono miwili, legeza mafuta kidogo, usishindane nalo kwa kukata kona upande wa pili. Unapotelemka mlima Kitonga, ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, sio katikati ya mtelemko breki zimeshaanza kunuka. Mtungi wa gesi funga koki, na uufunge wenyewe kwa mkanda. Mimi sufuria tu iliwahi kunifuata hadi kwenye kiti cha dereva.

Siku hizi basi likinipita gari inatikisika kidogo, inatulia. Shokapu za zamani bado ziko stoo, na naamini hazikuwa na kosa lolote.

Piga picha ya chini ya gari uiweke hapa, tuone tenki lako umelifunga wapi.