Squier leo, au kungoja Fender ya Marekani?

Ndugu yangu, nimekuelewa: unapiga gitaa kanisani hapa Lubumbashi, dola ulizo nazo zinatosha Squier Stratocaster, na wenzako wa kwaya wanasema ungoje Fender ya Marekani. Mimi nasema nunua Squier.

Squier ni jina la bei nafuu la kampuni ya Fender wenyewe, ila nyingi hutengenezwa Indonesia au China. Fender za bei kali hutoka Corona, California. Za katikati hutoka Ensenada, Mexico. Urefu wa uzi ni uleule, milimita 648. Unachokosa ni pikapu bora (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi), funguo za kukazia nyuzi zinazoshika sauti, na hasa kazi ya mkono kwenye freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Pikapu na funguo unaweza kubadilisha baadaye, kidogo kidogo.

Freti ndizo za kuangalia sana. Kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, mbao hunywea na ncha za freti hutokeza pembeni. Pitisha kiganja kwenye shingo nzima kabla ya kulipa. Kama inakwaruza, punguza bei. Halafu bonyeza uzi kwenye kila freti na kuupiga, usikilize kama unagonga freti na kukwaruza.

Ukiletewa "Gibson" kwa bei ya Epiphone, jina la bei nafuu la Gibson, kimbia. Namba ya kiwanda si ushahidi, nayo inaghushiwa.

Pesa inayobaki weka kwenye ampli, kikuza sauti cha gitaa (ya kanisa lenu naishuku bila kuisikia). Na shingo ikipinda, mpelekee fundi anayejua magitaa: chuma cha ndani ya shingo, kinachoinyoosha, ukikizungusha kwa nguvu kinakatika.