Rokabili hairekodiwi vipande vipande: majibu kwa bendi zinazoingia studio

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaojiandaa kurekodi albamu ya rokabili, ule mchanganyiko wa rock and roll na kantri wa miaka ya 1950. Nimechagua yale yanayogusa sauti yenyewe.

Prodyuza anataka turekodi ngoma kwanza kwa kliki (mdundo wa mashine unaohesabu kasi), kesho besi, halafu gitaa, mwisho sauti. Anasema albamu zote siku hizi zinatengenezwa hivyo. Tukubali?

Msikubali. Julai 1954, pale 706 Union Avenue mjini Memphis, Sam Phillips, mwenye studio ya Sun, aliwarekodi Elvis Presley, Scotty Moore na Bill Black wakipiga pamoja, bila mpiga ngoma, kwenye tepu ya njia moja. Baadaye hakukuwa na cha kurekebisha. Uwiano ulitokana na nani amesimama wapi na anapiga kwa nguvu gani. Bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam nazo zilipiga wote chumbani kwa wakati mmoja, na mpishano wa magitaa yale hadi leo hakuna aliyeupata kwa kurekodi mmoja mmoja.

Kasi ya rokabili huvutwa na besi pamoja na mkono wa kulia wa gitaa la ridhimu. Hupanda kidogo solo ikiingia, hutulia mwimbaji akirudi. Kliki inaua hilo. Na mpiga besi anayefuata ngoma zilizorekodiwa jana huchelewa kidogo kila pigo, kwa sababu anasubiri kusikia ndipo apige.

Simameni nusu duara, mita mbili hivi kati ya mtu na mtu, mkionana macho. Ampu iwe ndogo, wati 15 zinatosha, na iwekwe juu ya kiti. Mwimbaji apewe maikrofoni ya utepe: husikia mbele na nyuma, ubavuni ni kiziwi, kwa hiyo ubavu uelekee kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye mchakacho. Kisha, kwa majaribio, wekeni maikrofoni moja tu katikati, mrekodi dakika moja, msikilize. Gitaa likimeza kila kitu, msogezeni mpiga gitaa, msiguse mitambo. Mara nyingi mwenye kosa ni mpiga ngoma. Apige kwa brashi, au aweke kitambaa juu ya snea. Snea ikivuja kwenye maikrofoni ya mwimbaji, teki (mpigo huo mmoja wa kurekodi) imekwisha, maana kila ukipandisha sauti ya mtu unapandisha na snea. Besi ikivuja haina neno. Huo ndio mwili wa chumba.

Teki tatu au nne kwa wimbo. Zikizidi, nendeni wimbo mwingine, mrudi baadaye.

Gitaa la besi la umeme linafaa?

Hapana.

Kontrabasi yetu, ile besi kubwa ya mbao, ikirekodiwa, ama kofi linasikika bila noti, ama noti bila kofi. Tufanyeje?

Tatizo ni kwamba sauti hizo mbili zinatoka sehemu mbili. Noti inatoka kwenye mbao, kofi linatoka pale waya unapogonga ubao wa vidole. Wekeni maikrofoni ya kwanza sentimita 25 hivi mbele ya daraja (kibao kinachoinua nyuzi), chini kidogo, na ya pili ielekee mwisho wa ubao wa vidole. Halafu fungueni zote mbili, msikilize kwa spika moja, mgeuze polariti (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya mojawapo. Upande wenye tumbo zaidi, yaani uzito wa besi, ndio sahihi. Tumbo likipotea pande zote mbili, sogezeni ya pili sentimita tano na mjaribu tena. Hatua hii watu huiruka, kisha hupoteza siku nzima wakiongeza besi ambayo maikrofoni zenyewe zinaifuta.

Angalieni na nyuzi. Za chuma hutoa mlio mkali wa bati na huchuna vidole kabla ya wimbo wa tano. Za utumbo au za sintetiki hutoa pigo la mbao. Zikiwa juu mno kofi linachelewa, zikiwa chini mno zinakwaruza.

Mwangwi wa Memphis, ule mrudio mfupi wa rekodi za Phillips, ni milisekunde ngapi?

Piga hesabu mwenyewe. Phillips alikuwa na mashine mbili za Ampex: moja ilirekodi, ya pili ilipokea sauti ileile na kuirudisha kwa kuchelewa. Tepu ikikimbia inchi 15 kwa sekunde na hedi (kichwa) ya kurekodi ikiwa inchi mbili hivi kutoka ile ya kusomea, unapata kama milisekunde 133. Anzia hapo, songa kati ya 120 na 150. Chini ya 80 sauti inanenepa tu. Ukivuka 180 maneno yanakanyagana.

Mrudio uwe mmoja. Kata chini ya hezi 200 na juu ya hezi 5,000, uweke desibeli 8 hadi 10 chini ya sauti halisi, katikati, nyuma ya mwimbaji. Usiufunge kwenye kasi ya wimbo. Sauti na gitaa la solo vinatosha. Ukiutia kwenye besi, kila kofi linakuwa mawili na wasikilizaji watadhani bendi imepishana. Kampuni ya RCA walipomrekodi Elvis Nashville Januari 1956 hawakuipata mbinu hii, wakatumia mwangwi wa korido. Linganisha "Heartbreak Hotel" na nyimbo zake za Memphis.

Ni lazima ninunue gitaa la Gretsch?

Swali hili halikomi, na jibu halibadiliki: hapana. Scotty Moore alirekodi kwa Gibson ES-295, Carl Perkins alipiga Les Paul, Cliff Gallup alitumia Gretsch Duo Jet. Fedha hiyo nunua nyuzi nene, ya kwanza 0.011 au 0.012 na ya tatu iliyosokotwa, halafu punguza mkwaruzo wa ampu.

Hatuna mpiga ngoma.

Johnny Cash alipachika karatasi katikati ya nyuzi za gitaa ili litoe mchakacho wa snea. Jaribuni kabla ya kukodi mtu asiyeijua rokabili.

Tutafute mashine ya tepu ya zamani?

Kama hakuna fundi wa kuitengeneza, acheni. Hedi zilizolika hula sauti za juu, na gurudumu la mpira lililokauka huyumbisha noti. Kompyuta yenye bendi nzuri mbele yake inatosha.

Albamu iwe na nyimbo ngapi?

Albamu ya kwanza ya Elvis, Machi 1956, ina nyimbo 12 na haifiki nusu saa. Tano kati yake zilitoka kwenye tepu za Memphis. Mkitaka sahani ya santuri, kila upande usizidi dakika 18, la sivyo mkataji atalazimika kushusha sauti. Na msijaze. Nyimbo kumi zilizopigwa vizuri zinazidi kumi na sita.

Baada ya mastaringi (hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti) kofi la besi limepotea. Kwa nini?

Limita, kifaa kinachobana vilele vya sauti. Kofi ni ncha fupi, na limita hukata ncha kwanza. Mrudishie fundi faili la miksi, umwambie asibane zaidi ya desibeli mbili au tatu pale penye kilele. Albamu itasikika ndogo kuliko nyimbo za redioni. Msikilizaji ana kitufe cha kupandisha sauti. Cha kurudisha kofi hana.