Lengo Lipimwe kwa Siku Yako Mbaya

Dada mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameandika wiki hii. Amemaliza chuo, anatafuta kazi, na wadogo zake wawili wanamtegemea kwa minerivali, yaani ada ya shule. Mwanzoni mwa mwaka alibandika ukutani, juu ya kitanda, karatasi yenye malengo kumi na moja: kupata kazi, kumaliza deni la nyumba, kuanzisha biashara, kutoogopa tena, na mengine. Sasa kila usiku anaiona karatasi ile kwa mwanga wa simu na moyo unaanza kwenda mbio. Anauliza kama yeye ni mvivu.

Dada yangu, wewe si mvivu. Karatasi ndiyo mbaya, na nitaeleza ubovu wake uko wapi.

“Kupata kazi” kuko mikononi mwa mtu mwingine, anayekaa ofisini na kuamua asomwe nani. Ukiliweka hilo kuwa lengo lako la wiki, unajipa mtihani unaosahihishwa na mtu usiyemjua, tena siku usiyoijua. Mwili hauwezi kutulia hapo. Lengo la mtu mwenye wasiwasi linapaswa kuwa kitu ambacho mikono yake inaweza kukianza na kukimaliza: kuandika barua moja ya kuomba kazi, kutoa fotokopi tatu za diploma, kwenda Nyawera kuulizia tangazo moja. Jibu likija au lisipokuja, kazi yako ya leo imekwisha.

“Kutoogopa tena” ni kubaya zaidi. Kuna kipimo kizuri cha malengo ya namna hii: jiulize kama maiti angeweza kulitimiza. Maiti haogopi, hakasiriki, halii. Lengo ambalo maiti atakushinda, lifute. Andika tendo la mtu aliye hai: “nitapokea simu ya mwenye nyumba hata kama mikono inatetemeka.”

Kanuni inayofundishwa katika kila semina, kwamba lengo liwe mahususi, lipimike, liwezekane na liwe na tarehe, ilitoka kwa George Doran mwaka 1981. Aliwaandikia mameneja wa makampuni. Inasaidia, lakini mtu aliyelala masaa matatu haimtoshi, kwa sababu watu wengi huandika malengo siku wanayojisikia vizuri. Jumapili, ukitoka kusali, umekula, umeme upo, masaa mawili ya kusoma kila jioni yanaonekana madogo. Jumanne delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, inaanza saa kumi na mbili, bomba limekauka, umebeba bidoni ya lita 20 kupanda mlima, mtoto ana homa. Hapo masaa mawili ni ndoto, na kesho yake unajiita mtu aliyeshindwa.

Kwa hiyo lengo lipimwe kwa Jumanne. Jipe namba kutoka 0 hadi 10: nina hakika kiasi gani kwamba nitalifanya hata siku mbaya? Ikiwa chini ya 7, likate nusu. Ulize tena. Masaa mawili yawe dakika 30, kisha 15. Wengi wanaona aibu wakifika dakika 10, wanasema ni utoto. Si utoto. Wasiwasi unalishwa na kazi zinazoanzwa na kuachwa, na kila kidogo kinachokamilika kinauondolea ushahidi wake.

Kabla ya kukata, lakini, kuna kuchambua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vitano kwa wahudumu wasio wataalamu, na ndani yake shida zinagawanywa mafungu matatu: zinazotatulika, zisizotatulika, na zisizo na uzito. Chukua daftari, andika kila kinachokusumbua kwa dakika kumi bila kupanga, halafu weka alama. Vita na bei ya dola viende fungu la pili. Maneno ya jirani yaende la tatu. Katika la kwanza chagua shida moja tu, tena iliyo nyepesi kuliko zote. Watu wanakosea hapa: wanaanza na deni kubwa kwa kuwa ndilo linalouma zaidi, wanakwama wiki ya kwanza, basi daftari linatupwa.

Halafu lifunge lengo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mpango wa “ikitokea hivi, nitafanya vile” unatekelezwa zaidi kuliko nia tupu. “Nikishaweka bidoni chini asubuhi, nitaketi na kuandika mistari mitano ya barua.” Angalia unachofungia. Usilifunge kwenye kurudi kwa umeme, kwa sababu umeme hurudi saa unayotaka wenyewe, hata saa nane usiku. Maji, chai, kufungua duka, kutoka ibadani: hivyo vinashika.

Fungu la pili nalo linahitaji mahali pake. Tangu 1983 watafiti, Thomas Borkovec akiwa mmoja wao, wamejaribu njia ya kuupa wasiwasi saa yake: nusu saa kila siku, wakati uleule, kiti kilekile. Saa kumi na moja jioni inafaa. Kitandani haifai kabisa. Fikra ikija saa tano usiku, andika neno moja gizani na uiambie isubiri kesho. Siku za kwanza haitatii. Endelea wiki mbili ndipo uhukumu.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya mbali havilisemi vya kutosha: kuna hofu ya kukabili na kuna hofu ya kutii. Kukwepa kunatuliza mara moja, na utulivu huo ndio unaoifundisha akili kukwepa tena. Ndiyo maana simu ya mwenye nyumba inazidi kutisha kila usipoipokea. Hiyo ipandie ngazi: leo ujumbe mfupi, keshokutwa simu ya dakika mbili, wiki ijayo kuonana naye. Lakini hofu inayokwambia usipite barabara fulani usiku kwa sababu ya milio ya risasi si ugonjwa. Hiyo itii. Usimruhusu mtu yeyote akugeuzie tahadhari kuwa udhaifu.

Siku ukikosa, usilipe deni. Dakika 10 zilizopotea jana zisifanye leo ziwe 20, maana hapo ndipo watu wanapoacha. Rudi na tano.

Ukiwa hulali wiki mbili mfululizo, au kifua kinabana ghafla hadi unadhani unakufa, au wazo la kujiua limepita kichwani hata mara moja, daftari halitoshi. Nenda kituo cha afya. Kwa afya ya akili, Bukavu kuna kituo cha SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na wanaokwenda huko si “wenda wazimu” kama wanavyosema mitaani. Ni watu waliochoka. Wazo la kujiua lisisubiri kesho, na usibaki nalo peke yako: mwambie mtu akusindikize.

Karatasi mpya ya dada wa Kadutu basi iwe na mstari mmoja, ikae ndani ya daftari, mbali na kitanda: “Nikishaweka bidoni chini, mistari mitano ya barua.” Kila siku aweke alama ya kalamu pembeni. Zikifika alama saba, hata kama ni kwa siku kumi, aongeze mstari wa pili.