Je, Nextcloud yenye diski mbili inatosha bila nakala rudufu?

Swali: Nina ofisi ndogo ya uhasibu mjini Moshi, yenye wafanyakazi wanne. Baada ya kuchoka kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi, nilimpata fundi aliyetufungia Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kusawazisha mafaili kwenye mashine yetu wenyewe, kwenye kompyuta ya zamani yenye diski mbili za terabaiti 2 zilizounganishwa kwa RAID 1. Mafaili ya wateja sasa yanajisawazisha kwenye kompyuta tatu za ofisini. Fundi anasema kwamba kwa hesabu hiyo nina nakala tano za kila kitu, na kwamba diski ya nje niliyokuwa nikinakilia kila Ijumaa haina kazi tena. Je, ni kweli? Na je, nifungue mlango kwenye ruta ili niyafikie mafaili nikiwa nyumbani?

Jibu: Si kweli, na naomba diski hiyo ya nje irudi kazini Ijumaa hii. Uamuzi wako wa kuhamia kwenye programu huria siupingi hata kidogo. Nextcloud, iliyozaliwa mwaka 2016 pale Frank Karlitschek na wenzake walipojitenga na ownCloud, mradi alioufungua mwenyewe mwaka 2010, ni programu iliyokomaa, na kompyuta ya zamani iliyo nzima huwamudu watu wanne bila taabu. Kinachonikera ni hiyo hesabu ya nakala tano, kwa kuwa hunifikia karibu kila wiki kwa sura mpya, na mara nyingi hunifikia baada ya mafaili kupotea.

Tuanze na zile diski mbili, ambazo hazihitaji maneno mengi. RAID 1 huandika jambo lilelile kwenye diski zote mbili kwa wakati uleule, ili diski moja ikifa ofisi iendelee na kazi. Ukifuta faili, linafutwa kote kuwili papo hapo. Umeme ukirudi kwa kishindo na kuunguza mashine, diski zote zimo ndani ya kasha moja. Mwizi akiibeba kompyuta, ameondoka nazo zote. Hiyo ni kinga dhidi ya kuharibika kwa kifaa, basi.

Zile kompyuta tatu ndizo zinazowadanganya watu wengi zaidi. Programu ya Nextcloud iliyo kwenye kila kompyuta hutunza daftari lake dogo, linaloorodhesha mafaili iliyoyaona mara ya mwisho. Faili likiwa limo daftarini lakini halimo tena kwenye folda, programu haijiulizi kama kuna kosa lililotendeka. Inahitimisha kwamba mwenye kompyuta amelifuta kwa hiari yake, inaiarifu seva, yaani ile kompyuta ya zamani yenye diski mbili, na seva inaziarifu kompyuta nyingine, nazo zinalifuta pia. Hivyo ndivyo inavyopaswa kufanya kazi. Kusawazisha maana yake ni kuhakikisha kwamba pande zote zinafanana, na pande zote zinaweza kufanana katika hasara kwa bidii ileile zinayofanana nayo katika kazi.

Kuna jambo jingine ambalo pengine fundi wako hakukueleza. Kwenye Windows, programu hiyo inaweza kutumia mafaili pepe, yaani kompyuta huonyesha jina la faili na ukubwa wake, lakini maudhui yenyewe hubaki kwenye seva hadi mtu atakapolifungua. Nenda sasa hivi kwenye mojawapo ya kompyuta hizo tatu, ufungue folda ya mwaka juzi, kisha utazame safu ya hali iliyo kando ya majina. Ukiona alama ya wingu dogo, faili hilo halimo kwenye kompyuta hiyo. Kwa hiyo baadhi ya zile nakala tatu ulizohesabiwa zinaweza kuwa orodha ya majina tu, na seva ikiungua majina hayo hayatakusaidia kujaza ritani ya mteja hata mmoja.

Niliwahi kuitwa na ofisi inayofanana sana na yako. Karani mmoja alikuwa anahamia idara nyingine, na kwa nia njema kabisa akataka kumwachia mrithi wake kompyuta safi: akafuta folda nzima ya kazi, akamwaga na pipa la taka la Windows, bila kuiondoa kwanza akaunti ya Nextcloud iliyokuwa bado inafanya kazi kimyakimya pembeni ya saa. Kompyuta nyingine zikatii. Hakuna aliyetambua, kwa sababu mafaili yale yalikuwa ya miaka iliyopita na hakuna aliyekuwa akiyafungua, hadi mkaguzi alipoomba ankara wiki saba baadaye. Nilipoikuta ile seva, taa zake zote zilikuwa za kijani na diski zote mbili zilikuwa nzima kabisa. Hazikuwa na kitu cha kunipa.

Najua utaniuliza kuhusu pipa la taka la Nextcloud lenyewe. Lipo, na ni zuri kwa makosa ya jana na juzi. Lakini kwa mpangilio wake wa kawaida linaahidi siku 30 tu. Baada ya hapo seva ina ruhusa ya kuvifuta vilivyomo pindi inapohitaji nafasi. Isitoshe, vitu vilivyofutwa haviruhusiwi kuzidi nusu ya nafasi iliyobaki kwa mtumiaji, kwa hiyo diski iliyokaribia kujaa inaweza kulimwaga pipa hata kabla ya siku hizo kutimia. Matoleo ya zamani ya mafaili nayo yana kikomo kama hicho. Na vyote viwili vinakaa kwenye diski zilezile unazoziogopea.

Sasa niseme na hawa wanaojiita wataalamu wa mawingu binafsi. Kufunga Nextcloud kwa kufuata video ni kazi ya alasiri moja, na ndiyo maana kila kona kuna anayeiuza kama bidhaa kamili: anafunga, anafungua milango ya ruta, anaacha nywila ya msimamizi kwenye kikaratasi kilichobandikwa kando ya skrini, anapokea malipo, na husikii habari zake tena. Masasisho hayamhusu, ingawa Nextcloud hairuhusu kuruka toleo kuu moja wakati wa kupanda, hivyo seva iliyoachwa miaka miwili itabidi ipandishwe ngazi kwa ngazi. Mwaka 2019 programu ya utekaji iliyopewa jina la NextCry ilisimba mafaili ndani ya seva za Nextcloud, yaani iliyageuza yasisomeke bila ufunguo, na kudai fidia, na Januari 2022 nyingine iitwayo DeadBolt iliwakumba wenye vifaa vya kuhifadhia mafaili vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti. Ukiisha kuelewa kusawazisha, utaona mara moja kitakachofuata: faili lililosimbwa ni faili lililobadilika, kwa hiyo kompyuta za ofisini huweza kulipokea kwa uaminifu juu ya lile zima. Muuzaji anayekuambia kwamba wingu likiwa lako ndiyo salama, bila kukuonyesha nakala rudufu ilipo na jinsi inavyorudishwa, amekuuzia nusu ya kazi. Nawe unatunza taarifa za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika Tanzania tangu tarehe 1 Mei 2023, inakutaka wewe uzilinde zisipotee wala kuingiliwa, haimtaji fundi.

Utaratibu utakaokufaa ni huu. Kila Ijumaa jioni iweke Nextcloud kwanza katika hali ya matengenezo, ili mtu asibadilishe kitu katikati ya kunakili. Kisha chukua vitu vitatu kwa pamoja: folda ya data, folda ya config yenye mipangilio, na nakala ya hifadhidata, iwe ni MariaDB au PostgreSQL. Wengi hunakili data peke yake, kisha hushangaa kwamba watumiaji, viungo vya kushirikiana na kalenda havikurudi, kwa kuwa hivyo vinaishi kwenye hifadhidata. Programu huria kama BorgBackup au restic itakuwekea historia ya wiki nyingi bila kurudia mafaili yasiyobadilika, na itayasimba pia. Nywila ya kuyasimbua usiiache kwenye seva peke yake, kwani bila hiyo diski hiyo haitasomeka tena. Nunua diski ya pili ya nje, uzizungushe kwa zamu, na ile isiyo ya zamu ikae nyumbani kwako, ikiwa imechomolewa. Diski iliyochomekwa muda wote huweza kusimbwa pamoja na seva yenyewe.

Kama programu yenu ya uhasibu ina hifadhidata yake, isiwekwe kamwe ndani ya folda inayosawazishwa ikiwa inatumika, maana utaishia na nakala mbili zinazogombana na huenda zote zimeharibika. Weka humo nakala inayotolewa na programu hiyo yenyewe mwisho wa siku.

Kuhusu ruta, usifungue mlango wa Nextcloud. Tumia WireGuard, ambayo hufungua njia ya siri kwa vifaa ulivyovisajili tu. Kama intaneti yenu inatoka kwenye laini ya simu, tazama kwanza anwani ambayo ruta imepewa: ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani ya umma na wateja wengine, na hakuna mlango utakaofunguka, hata ule wa WireGuard. Utahitaji seva ndogo ya kukodi iwe daraja kati ya ofisi na nyumbani.

Jumamosi moja ya mwezi huu, chukua kompyuta isiyo na kitu, urudishe Nextcloud nzima kutoka kwenye diski ya nje, kisha ufungue ankara tatu za miaka mitatu tofauti. Ukikwama, niandikie maneno ya kosa kama yalivyotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu gizani sitaweza kuisoma.