Barua kwa mwanangu: 120 kwa 80

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza uendelee na huu utafiti wa huduma za afya ya msingi, au uchukue nafasi ya kusomea udaktari bingwa kama wenzako. Nitakujibu. Ila kuna sista mmoja, muuguzi wa kituo cha afya, sijawahi kukusimulia habari zake, na ndiye aliyenijia kichwani nilipofika pale ulipoandika "takwimu hazidanganyi".

Unakumbuka kipindi kile ulipokuwa unalala kwa shangazi yako, mkagombana juu ya yule paka. Mimi nilikuwa nazunguka na mkoba wa kahawia, nikinakili rejista za wagonjwa wa presha kituo hadi kituo. Mashine za zebaki zilikuwa na alama kila baada ya milimita 2, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni 0, 2, 4, 6 au 8. Mtu akisoma kwa makini, sifuri huja takriban mara moja katika tano. Kila nilikokwenda sifuri zilizidi, maana mwenye haraka huandika namba nzima nzima. Hilo nilishalizoea. Lakini kituo kimoja nilifungua rejista nikakuta 120 kwa 80, ile presha ya kawaida ya kitabuni. Mstari wa chini yake, 120 kwa 80. Ukurasa mzima, na uliofuata, miezi minne: bibi kizee, kijana mbeba mizigo, mjamzito, wote 120 kwa 80, kwa mwandiko mmoja mzuri uliolalia kulia.

Nilifurahi, mwanangu. Ndiyo aibu yenyewe. Nilijua nimepata slaidi.

Kwenye ripoti niliandika kwamba takwimu za kituo kile "zimebuniwa". Nikasimama mbele ya wakubwa, wakacheka pale nilipopanga wacheke. Baada ya wiki chache yule sista akapewa barua ya onyo, kisha uhamisho. Jina lake sikulitaja, nilitaja namba ya kituo tu, kama maadili ya utafiti yanavyotaka. Kituo chenyewe kilikuwa na sista mmoja.

Awamu ya pili nilirudi pale, nikaishiwa wino, mhudumu akanifungulia droo ya sista nitafute kalamu. Mlikuwa na nakala tatu za barua za kuomba mkanda wa mashine ya presha, ule wa kufunga mkononi, kwa kuwa uliopo umepasuka na haushiki upepo. Mwandiko ule ule wa kulalia kulia. Na safu ya presha isipojazwa, ripoti ya mwezi ilikuwa inarudishwa.

Sasa usinielewe vibaya. Kuandika namba ambayo hukuipima ni kosa, na huenda pale alikuwapo mtu presha imempanda huku daftari likisema yu mzima. Hilo silifuti. Lakini nami niliandika "zimebuniwa" bila kumuuliza mtu neno. Dodoso langu lilikuwa na kurasa 11, na hapakuwa na mahali pa kuuliza kama mashine inafanya kazi. Baba yako alisema nilifanya nilichotumwa. Pengine. Baba yako alikuwa ananipenda.

Ndiyo maana nasema, na najua utaguna: kabla ya kuhesabu, kaa benchi na wagonjwa. William Pickles alikuwa daktari wa vijijini tu huko Uingereza, lakini mwaka 1929 ugonjwa wa manjano ulipozuka kwenye bonde lake aliufuatilia hadi kwa msichana aliyetoka kitandani akaenda kwenye sherehe ya kijiji. Aliweza kwa sababu alijua nani anamtembelea nani. Hilo halimo kwenye rejista yoyote. Linapatikana benchini.

Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea ule mchoro wa watafiti wa huduma za afya, Kerr White na wenzake, wa mwaka 1961, kutoka takwimu za Marekani na Uingereza: katika watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja 750 wanaumwa kitu, 250 wanakwenda kwa daktari, 9 wanalazwa, na 1 tu ndiye anayefika hospitali ya chuo kikuu. Wenzako wote wamekimbilia kwa huyo mmoja. Lakini ngoja, huyo mmoja naye ana mama yake, na siku akiwa ni wewe sitataka kusikia habari za wale 749. Halafu mkataba wa utafiti huisha fedha za mfadhili zikiisha. Unajua tulivyoishi katikati ya mradi na mradi. Nikikuambia endelea, nitakuwa nimesahau ile miezi kwa makusudi.

Jibu ninalo. Nilishaliandika hapa nikalifuta, unaona karatasi ilivyochubuka. Ukilitaka sana utaligeuzia kwenye mwanga.

Ila huo mradi wenu wa kukusanya vipimo vya presha kwa simu, vituo vyote kwa siku moja: umeuliza kama mikanda inashika upepo? Usiniandikie kuhusu ubingwa kabla hujanijibu hilo.

Mama yako